Pesa ya Taka na ya Kupaki Gari Tassia: Jua Unamlipa Nani Kabla ya Kuweka PIN

Mwezi ukiisha, mkaazi wa Tassia hukaa na simu mkononi akihesabu. Kodi ya nyumba imeenda. Tokeni za stima zimenunuliwa. Maji yamelipwa. Halafu yanabaki yale malipo madogo yasiyo na bili wala karatasi: pesa ya taka, na kwa mwenye gari, pesa ya kupaki usiku. Haya hulipwa harakaharaka, kwa namba iliyoandikwa kwenye ukuta wa ngazi au iliyotumwa kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti.

Na haya ndiyo huleta kelele. Taka zimekaa wiki mbili mlangoni. Keateka anasema nyumba yako haijalipa, nawe unajua ulilipa, lakini kijana uliyemtumia pesa siku hizi hapatikani. Au umelipia nafasi ya kupaki kando ya barabara, asubuhi unakuta gari limefungwa mnyororo na kanjo, na yule uliyemlipa anakuambia yeye alikuwa analinda tu.

Katika makala haya tunaeleza nani hasa ana mamlaka ya kukutoza kwa mambo haya mawili, sheria inasema nini kuhusu barabara ya mtaa na mfuko wako wa taka, na ulipe vipi ili siku ukiulizwa uwe na jibu kwenye simu. Tumechukua Tassia kwa sababu ni mtaa wenye magorofa mengi, watu wengi na barabara za ndani ambazo kila mtu anazigombania. Lakini ukiwa Pipeline, Fedha, Donholm au Umoja, mengi ya haya yanakuhusu pia.

Kwanza: kazi hii ni ya nani?

Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inagawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Uzoaji wa taka, majaa ya taka na utupaji wake ni kazi ya kaunti. Barabara za kaunti, trafiki na maegesho ya magari pia ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo ukiwa Tassia, mwenye dhamana ya mambo haya yote mawili ni Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi.

Hiyo ni karatasi. Mtaani hali ni tofauti kidogo. Lori la kaunti halifiki kwenye kila ploti, na anayepanda ngazi kubeba mfuko wako mara nyingi ni kijana wa kikundi cha mtaa au mfanyakazi wa kampuni binafsi ya taka. Anayelinda gari lako usiku ni soja aliyeajiriwa na landilodi, au na wenye magari wenyewe waliochanga.

Hakuna ubaya hapo. Hao wanafanya kazi na wanastahili kulipwa. Ubaya huanza pale mtu anapotoza ada kana kwamba yeye ndiye kaunti, au anapouza kitu ambacho si chake. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, jiulize: huyu ananiuzia huduma yake, au ananitoza ada ya serikali? Malipo ya huduma ni mapatano kati yenu wawili. Ada ya serikali lazima iingie kwenye akaunti ya serikali.

Kupaki: inategemea ardhi ni ya nani

Sehemu za kupaki gari Tassia ni za aina tatu, na kila aina ina mwenyewe.

*Ndani ya ploti.* Nafasi iliyo ndani ya geti ni ya mwenye nyumba. Anaweza kukupa bure pamoja na nyumba au kukutoza kando. Hili linafaa kuandikwa kwenye mkataba wako wa nyumba: nafasi ipi, pesa ngapi kwa mwezi, na nani anawajibika gari likiharibiwa au likiibiwa. Kama mkataba hauna hata mstari mmoja kuhusu gari, mwandikie landilodi au ajenti meseji ya kuuliza, na uweke jibu lake. Lipa kwa namba ileile unayolipia kodi, kwa muamala wake peke yake. Ukichanganya kodi na pesa ya kupaki kwenye muamala mmoja, siku mtakapokosana itakuwa kazi kuonyesha ipi ilikuwa ya nini.

*Uwanja wa kulipia.* Kuna viwanja vilivyozungushiwa mabati ambapo magari hulala kwa malipo ya usiku au ya mwezi. Hapa unafanya biashara na mwenye uwanja. Uliza mambo matatu kabla ya kulipa pesa ya mwezi mzima: biashara ina Till au Paybill yenye jina lake? Kuna daftari la kuandika gari linapoingia na linapotoka? Ukihama katikati ya mwezi, pesa inarudi au hairudi? Kama mwenye uwanja anataka utume kwa laini ya soja, ngoja kwanza. Soja akiacha kazi kesho, rekodi yako itabaki na jina la mtu ambaye mwenye uwanja anaweza kusema hamjui.

*Barabarani.* Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Barabara ni ya umma. Landilodi hawezi kukukodisha kipande cha barabara kilicho mbele ya geti lake, hata kama amepanga mawe na kupaka rangi. Soja hawezi. Kikundi cha vijana hakiwezi. Unaweza kumlipa soja akulindie gari, na hayo ni malipo ya ulinzi, lakini hayakupi haki ya mahali. Gari likivutwa au likifungwa mnyororo kwa sababu limeziba njia, ile mia uliyompa soja haitakutetea.

Ada ya maegesho ya barabarani hutozwa na kaunti peke yake, na viwango huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti. Katikati ya jiji, kwa mfano, sheria ya mwaka 2023 ilipandisha ada ya gari dogo kutoka Sh200 hadi Sh300 kwa siku. Maeneo mengine yana viwango tofauti. Mtu akikusimamisha ndani ya mtaa akidai ada ya kaunti, una haki ya kuuliza ni ada gani, ya eneo gani, na inalipwa kwenye mfumo upi. Afisa wa kweli atakuelekeza kwenye mfumo wa kaunti. Anayekuambia "tuma kwa hii laini yangu tumalize" si ada anayokusanya.

Juu ya hayo kuna Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambayo inakataza kuacha gari mahali popote barabarani kwa namna inayoweza kuleta hatari au kuzuia wengine. Kwenye orodha ya makosa madogo ya trafiki iliyotangazwa mwaka 2016, kuzuia njia kwa gari kuna faini ya Sh10,000. Kwa hiyo "lakini nimepaki nje ya kwangu" si utetezi. Nje ya kwako ni barabara ya watu wote.

Kwa nini usiamini namba ya zamani

Njia ya kulipa kaunti ya Nairobi imebadilika mara kadhaa. Mwaka 2014 kaunti ilianza malipo ya kidijitali kupitia JamboPay. Mkataba huo ulikwisha mwaka 2019. Mwaka 2020, baada ya baadhi ya kazi za kaunti kuhamishiwa serikali kuu na Nairobi Metropolitan Services kuundwa, ukusanyaji wa mapato ukakabidhiwa KRA. NMS ilimaliza muda wake mwaka 2022 na kazi zikarudi kaunti. Kila badiliko lilikuja na namba na menyu zake.

Maana yake ni kwamba stika iliyobandikwa dukani miaka mitano iliyopita, au namba ambayo rafiki yako amehifadhi kwenye simu, inaweza kukupeleka pabaya. Anza kwa kaunti yenyewe: tovuti ya huduma zake ni nairobiservices.go.ke, na menyu ya simu ni *647#. Unapolipia gari, andika namba yake ya usajili bila kuacha nafasi, kisha isome tena herufi kwa herufi kabla ya kuthibitisha. Ukikosea herufi moja, umemlipia mtu mwingine na gari lako bado lina deni.

Jambo lingine ambalo watu huchanganya: Paybill 222222 ni ya eCitizen, mfumo wa huduma za serikali kuu. Mtu akikupa namba hiyo akakuambia ni ya kupaki au ya taka Tassia, usilipe hadi uthibitishe na kaunti bili hiyo imetoka wapi.

Taka: karatasi tatu tofauti

Kikundi cha vijana kikija kwenye ploti kusema kitazoa taka, mara nyingi kitaonyesha cheti. Msome cheti hicho, kwa sababu karatasi hizi hazifanani kazi.

Ya kwanza ni cheti cha usajili wa kikundi. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, vikundi husajiliwa chini ya idara ya maendeleo ya jamii. Cheti hiki kinasema kikundi kipo na kina viongozi. Hakisemi kwamba kinaruhusiwa kusafirisha taka.

Ya pili ni leseni ya NEMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 zinamtaka anayesafirisha taka awe na leseni. Leseni ndiyo inayotofautisha lori linalopeleka taka zinakotakiwa na lile linalozimwaga usiku kwenye uwanja mtupu au kando ya Mto Ngong.

Ya tatu ni kibali cha kaunti, kwa sababu kaunti ndiyo yenye kazi ya taka na ndiyo inayosema nani azoe wapi.

Si lazima kila kijana mwenye mkokoteni awe na karatasi zote tatu mfukoni. Kikundi kidogo kinaweza kukusanya taka kwenye ploti na kuzikabidhi kwa kampuni yenye lori na leseni. Hilo ni sawa, mradi mjue kampuni hiyo ni ipi. Swali la kuuliza ni rahisi: "Taka zikitoka hapa zinaenda wapi, na nani anazibeba?" Aliye na jibu atakujibu mara moja.

Kwa taka za Nairobi, jibu kwa kawaida huishia Dandora. Jaa hilo lilianza kutumika katikati ya miaka ya 1970, na kufikia mwaka 2001 lilikuwa limeshatangazwa kuwa limejaa. Bado linatumika. Kila mfuko unaotoka Tassia bila kutenganishwa unaongeza mlima ambao watu wa Dandora na Korogocho wanaishi karibu nao na kuvuta moshi wake. Ndiyo maana sheria sasa inaangalia hata ndoo ya jikoni kwako.

Mfuko wako wa taka kwa mujibu wa sheria

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Halafu ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, ambayo inataka taka zitenganishwe zinapotoka: zinazooza mbali na zisizooza. Mwezi wa Aprili 2024, NEMA ilitoa notisi ya siku 90 kwamba taka zinazooza ziwekwe kwenye mifuko ambayo yenyewe inaoza kabisa.

Nyumbani hili halihitaji mambo makubwa. Tenga ndoo mbili. Ya kwanza ni ya maganda ya viazi, mabaki ya ugali na sukuma, majani ya chai. Ya pili ni ya chupa, karatasi, mikebe na nguo kuukuu. Daipa, nyembe, betri na balbu zilizovunjika usizichanganye na hizo. Zifunge kando vizuri na umwambie anayebeba. Mikono yake ndiyo itakayokatwa na wembe ulioufunika kwa maganda ya ndizi.

Kutenganisha kuna pesa ndani yake pia. Chupa na mikebe safi hununuliwa kwa kilo na watu wa skrapu. Kikundi kinachopokea taka zilizotengwa kinapata mapato zaidi ya ile ada ya mwezi, na ploti yenu ikiwa inatenganisha vizuri, hiyo ni sababu nzuri ya kuketi nacho na kujadili bei.

Kuchoma taka nyuma ya ploti si suluhisho. Moshi wa plastiki unaingia kwenye madirisha ya jirani. Kusukumia mfuko kwenye mtaro nako kunarudi: Nairobi ilipofurika mvua za Aprili 2024, mitaro iliyozibwa na taka ilikuwa sehemu ya shida, na maji yasiyo na njia huingia nyumba za chini kwanza.

Gari na taka zinapokutana kwenye njia moja

Watu huzungumzia kupaki na taka kama mambo mawili. Tassia ni jambo moja, kwa sababu yanatumia njia ileile. Lori la taka likifika saa kumi na mbili asubuhi na kukuta magari yamepakiwa pande zote mbili, dereva hatasubiri uamke utafute funguo. Ana ploti nyingine zinazomngojea. Ataruka njia yenu hadi wiki ijayo. Mifuko itabaki chini, mbwa na paka watairarua, na kwenye grupu ya ploti watu watasema wazoa taka ni wezi. Pesa imelipwa, kazi haikufanyika, na hakuna aliyeiba.

Kwa hiyo kikao cha wakaazi kinachojadili taka kijadili na magari. Kubalianeni siku na saa ya kuzoa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, upande mmoja wa njia ubaki wazi. Kila mwenye gari aache namba ya simu inayoonekana kwenye kioo, ili aitwe kama amesahau. Na mifuko iteremshwe asubuhi ileile. Isishushwe siku mbili kabla.

Kuna sababu kubwa kuliko taka. Njia ambayo lori la taka haliwezi kupita, gari la zimamoto pia haliwezi, na ambulensi haiwezi. Tassia inaijua dharura: tarehe 6 Desemba 2019 jengo la orofa sita liliporomoka katika mtaa huu, na watu walikufa. Siku kama hiyo hakuna muda wa kutafuta mwenye gari jeupe.

Jinsi ya kulipa ili ubaki na ushahidi

Sasa tuje kwenye simu yako. Kwa malipo yasiyo na bili, meseji ya kuthibitisha ndiyo risiti, na mara nyingi ndiyo mkataba wa pekee ulio nao. Ifanye iwe na maana.

1. *Lipa kwa jina la kazi.* Till au Paybill yenye jina la kikundi, kampuni au ploti ni bora kuliko laini ya mtu. Jina likitokea, lisome. Kama mlikubaliana na kikundi cha mtaa na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, acha hapo upige simu kwanza.

2. *Andika nyumba na mwezi.* Ukilipa kwa Paybill, sehemu ya akaunti iwe na kitu kinachoeleweka, kwa mfano B12MACHI. Ukilipa kwa Till, ambako hakuna sehemu ya akaunti, tuma meseji ya kawaida kwa anayekusanya mara moja: "Habari ya jioni. Nimelipa taka ya Machi, nyumba B12. Namba ya muamala ni hii." Ni sekunde chache, lakini umeunganisha pesa, nyumba na mwezi.

3. *Tenganisha malipo.* Taka peke yake, kupaki peke yake, ulinzi peke yake. Hata kama mtu anayekusanya ni mmoja.

4. *Usilipe miezi mingi mbele* kwa kikundi kipya, hata ukiahidiwa punguzo. Lipa mwezi mmoja, uone kazi, kisha uendelee.

5. *Usifute meseji.* Simu ikijaa, piga picha ya skrini au omba stetimenti ya miezi uliyohitaji. Stetimenti ina nguvu kuliko picha ya skrini, kwa sababu picha inaweza kuchezewa.

6. *PIN ni yako peke yako.* Hakuna keateka, kanjo, soja wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako ili "kuthibitisha" malipo ya taka. Anayeiomba ni mwizi, hata kama amevaa koti la rangi gani.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini zaidi: malipo ya hofu. Gari limefungwa mnyororo, umechelewa kazini, na mtu anakuambia ukituma sasa hivi kwa laini hii atafungua. Hapo ndipo mtu hutuma bila kusoma jina. Uliza kosa ni lipi, omba afisa akuonyeshe bili kwenye mfumo wa kaunti, ndipo ulipe. Ukituma kwa laini ya mtu, bili ya kaunti inabaki palepale, na unaweza kulipa mara mbili.

Kwa wanaokusanya pesa

Haya yote tumeyasema kwa upande wa mkaazi, lakini wazoa taka nao wanaumia. Kikundi hununua mafuta, hukodi lori na kulipa vijana iwe ploti imelipa au haijalipa. Nyumba tano zikisema "tulishatuma" na hazikutuma, pengo hilo linatoka kwenye chakula cha mtu.

Kama wewe ni keateka au kiongozi wa kikundi, mambo haya yatakusaidia. Fungua Till au Paybill kwa jina la kikundi, na pesa isitolewe na mtu mmoja peke yake. Usikubali meseji unayoonyeshwa kwenye simu ya mtu mwingine kama ushahidi. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote, kwa hiyo angalia rekodi ya akaunti yenu. Mkishapokea, jibuni. "Tumepokea, B12, Machi. Asante Mama" inatosha. Na mwisho wa mwezi wekeni orodha ya namba za nyumba zilizolipa, bila majina ya watu, mahali ambapo kila mtu anaiona. Orodha hiyo humaliza mabishano mengi kuliko vikao.

Huduma isipokuja, au pesa ikienda kusikostahili

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, piga laini ya huduma kwa wateja mara moja, usingoje jioni. Kurudisha pesa kunategemea kama bado ipo kwenye akaunti ya aliyepokea. Ikishatolewa, inakuwa ngumu. Usijaribu kumtisha aliyepokea. Toa namba ya muamala na uache utaratibu ufuatwe.

Kama ulilipa vizuri lakini taka hazizolewi, kurudisha muamala si njia yake, kwa sababu pesa ilifika ulikokusudia. Hapo una mgogoro wa huduma. Fuata hatua hizi: mwandikie kiongozi wa kikundi ukitaja tarehe taka zilipokosa kuzolewa. Asipojibu, peleka kwa landilodi au chama cha wakaazi, maana ploti nzima ikiongea ina uzito kuliko nyumba moja. Likiendelea, nenda ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo yako. Taka zikimwagwa ovyo au kuchomwa, NEMA pia hupokea malalamiko. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na hata mkaazi wa nyumba ya kupanga anaweza kuidai.

Kwa pesa kubwa zaidi, kwa mfano mwenye uwanja aliyechukua malipo ya miezi sita kisha akafunga geti, ipo Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kusikiliza kesi mwaka 2021 na inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Si lazima uwe na wakili. Lakini hakimu atakuuliza jambo lilelile ambalo landilodi na chama watakuuliza: ulimlipa nani, lini, kwa ajili ya nini?

Kwa hiyo kabla mwezi huu haujaisha, fungua meseji zako za malipo ya mwezi uliopita. Tafuta ile ya taka na ile ya kupaki. Kama ukizisoma unaweza kujibu maswali hayo matatu bila kumpigia mtu simu, uko sawa. Kama huwezi, muulize keateka wenu namba ya kikundi, na malipo yajayo uyafanye kwa jina, nyumba na mwezi.